Askari Walipomuuliza Yohane: Dhamiri Kambini, Kabla ya Risasi



Kijana mwenzangu, leo nakuletea swali ambalo limenisumbua kwa muda: mtu anakuwa askari mwema lini? Ni siku ya mapigano, au ni siku zile nyingine zote ambazo hakuna kinachotokea?

Nauliza hivyo kwa sababu wengi wetu tukisikia neno vita tunaona mizinga, moshi na watu wanaokimbia. Filamu zimetuzoesha. Lakini waulize waliokwenda. Watakwambia sehemu kubwa ya vita ni kukaa. Unakaa kambini unasubiri amri. Unachota maji, unapanga foleni ya chakula, unachimba handaki, unakesha lindo, unanyeshewa, unasubiri barua ambayo haiji. Siku ya risasi ni moja, siku za kukaa ni hamsini. Na mimi naamini kwamba dhamiri ya askari inajengwa katika zile hamsini. Ile moja inaionyesha tu.

Jibu la Yohane

Fungua Injili ya Luka 3:14. Yohane Mbatizaji yuko Yordani, watu wanamiminika kutubu. Makutano wanauliza wafanye nini. Watoza ushuru nao wanauliza. Kisha wanakuja askari na swali hilohilo: na sisi tufanye nini?

Kama ningekuwa mimi, ningetarajia Yohane awajibu kuhusu kuua. Awaambie lini wanaruhusiwa kuchomoa upanga na lini hawaruhusiwi. Au awaambie waache kazi kabisa. Yeye anawaambia mambo matatu ya kawaida sana: wasimdhulumu mtu mali yake kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao.

Ukiyatazama, hayo yote ni mambo ya kambini. Yanahusu kizuizi cha barabarani, maneno ya mdomoni na siku ya mshahara. Hakuna hata moja la uwanja wa vita. Zamani nilidhani Yohane alilikwepa swali kubwa. Siku hizi naona alilishika pale linapoanzia.

Miezi ile ya kusubiri

Sisi wa Bukoba na Muleba hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwishoni mwa Oktoba 1978, mkoa wetu ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera, kilometa za mraba zipatazo 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Inakadiriwa raia wapatao 1,500 wa upande wetu waliuawa au walipotea. Ng'ombe walichukuliwa, mitambo ya kiwanda cha sukari ikaporwa, familia zikavuka mto zikiwa na nguo za mwilini tu.

Tanzania ikakusanya jeshi. Wanajeshi, mgambo, polisi, magereza na JKT, jumla yao ikapita watu 150,000. Pamoja nao walikuwepo Waganda waliokuwa uhamishoni: Kikosi Maalum chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok, na kundi la Yoweri Museveni. Hawa tusiwasahau. Kwetu sisi vita vile vilikuwa vya kumtoa mvamizi. Kwao ilikuwa ndugu kumwelekezea ndugu bunduki, Mganda kwa Mganda.

Tangu daraja livunjwe mpaka Mutukula itekwe Januari 1979, ilipita zaidi ya miezi miwili. Kwa askari wengi ilikuwa miezi ya matope. Novemba huku kwetu ni mvua, na ni msimu wa senene. Noeli ya 1978 iliwakuta hukohuko.

Kuna mzee mmoja katika jumuiya yetu ndogondogo, upande wa Muleba, aliyekwenda kama mgambo akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Vijana tulipomwomba atusimulie vita, tulikaa mkao wa kusikia mizinga. Yeye akaanza na upawa.

"Wajukuu zangu," alisema, "ukitaka kumjua askari, mpe upawa wa maharage siku ya njaa."

Akaeleza. Maharage yalikuja machache. Anayegawa anaweza kuzamisha upawa mpaka chini kwa rafiki yake, na kwa asiyempenda akachota mchuzi wa juu. Hakuna afande atakayeona. Hakuna sheria ya kijeshi iliyovunjwa, maana kila mtu amepata upawa mmoja. Lakini yule aliyepewa mchuzi anajua, na aliyegawa anajua. Kesho yake hao wawili wako kwenye handaki moja usiku, na kila mmoja maisha yake yamo mikononi mwa mwenzake.

Babu alituambia pia habari za nyumba. Waliporudi upande wa pili wa mto, vijiji vilikuwa vitupu. Migomba imesimama na mikungu iliyoiva, mwenyewe hayupo. Mkubwa wao akasema: mwenye njaa akate ndizi ale, ila ndani ya nyumba ya mtu asiingie. Mwanzo wakatii. Halafu mvua ikakaza, kuni zote zikalowa, na mmoja akang'oa mlango wa nyumba akaukokea moto. Mlango mkavu unawaka vizuri. Siku ya pili wakang'oa wawili.

"Tukamuuliza, mwenye nyumba akirudi? Akasema, hawa wakimbizi hawarudi. Basi waitu, akishasema harudi, kila kitu kikawa chake."

Fikiria hilo kidogo. Mwenye nyumba alikuwa Mtanzania mwenzao, mtu ambaye kwa ajili yake walikuwa wametoka nyumbani. Walikuja kumrudishia nyumba yake, na sasa wanaota moto kwa mlango wake. Sijui kama kuna picha inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mtu anavyoweza kuwa kwenye vita ya haki na bado akawa anadhulumu.

Jambo la tatu lilikuwa mdomo. Amin alipewa jina la Nduli, na jina hilo lilimkaa. Lakini kambini jina la mtu mmoja huvuka likawafunika watu wote. Kwanza nduli ni Amin. Baada ya wiki nduli ni askari wake. Baada ya mwezi nduli ni kila mtu anayeishi ng'ambo ya pili. Na sisi tunajua ng'ambo ya pili ni akina nani. Mutukula na Minziro kuna watu wenye shangazi upande wa Uganda. Kihaya na Kiganda vinasikilizana mpaka mtu anaweza kununua chumvi bila mkalimani. Babu alisema jioni moja kijana wa Kihaya alikaa kimya wakati wenzake wanaimba maneno mabaya juu ya Waganda wote. Akaulizwa, vipi wewe, ni jasusi? Hilo tu, kunyamaza kwake, likatosha kumtilia shaka. Kusingizia ndiko kunakoanzia hapo.

Sasa rudi kwa Yohane: msidhulumu, msisingizie, mtosheke. Mlango, mdomo, upawa. Alijua kambi ilivyo.

Mutukula

Hapa ndugu yangu nakuomba tuwe wakweli, ingawa ni pagumu. Januari 1979 majeshi yetu yaliiteka Mutukula upande wa Uganda. Mji ukasawazishwa kwa mabuldoza, kisasi cha Kagera. Na habari zilizoandikwa kuhusu vita vile zinaeleza kwamba raia walioshindwa kukimbia, wakiwemo wazee, waliuawa na askari wa upande wetu. Mwalimu Nyerere alipopata taarifa alishtuka sana, na amri ikatoka kwamba raia wasidhuriwe. Kisasi hakikuisha mara moja, kwani Masaka nayo ilipotekwa Februari majengo mengi yalibomolewa. Hata hivyo, jeshi hilohilo lilipoingia Kampala Aprili 1979, wananchi walitoka barabarani kulishangilia.

Kijana wa Kagera anafanya nini na habari hii? Wilayani Muleba tuna Kaboya, mahali walipozikwa mashujaa wetu wa vita vile. Tunawaombea, na ni haki yao. Wengi wao walikufa ili sisi tuweze kuishi kwa amani hapa. Je, kutaja Mutukula ni kuwavunjia heshima?

Mimi naona sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakubali kwamba taifa lina haki ya kujilinda, na inamtambua askari anayefanya kazi yake vizuri kuwa mtumishi wa usalama wa watu (KKK 2309-2310). Lakini palepale inaendelea kusema kwamba sheria ya maadili haipumziki kwa sababu vita vimeanza, kwamba raia, majeruhi na mateka lazima waheshimiwe, na kwamba kusema "niliamriwa" hakumtoi mtu hatiani (KKK 2312-2313). Kwa hiyo tunaweza kusema maneno mawili kwa pamoja bila kujikanyaga: sababu ya kwenda ilikuwa ya haki, na yule bibi kizee wa Mutukula hakustahili kufa. Haki ya vita haiisafishi damu iliyomwagwa bila haki. Anayewaheshimu kweli askari waema ni yule anayekataa kuwachanganya na waliotenda maovu.

Kikosi cha babu kilipita Mutukula baadaye, mji ukiwa umeshalala chini. Alisema walipita kimya, isipokuwa wachache waliokuwa wanacheka. Tukamuuliza kama alishangaa.

"Sikushangaa," akasema. "Waliokuwa wanacheka niliwajua tangu Kyaka."

Aliwajua kwa upawa, kwa milango na kwa nyimbo.

Lakini je, ni kweli siku zote?

Najua mtu mmoja atasema: acha utani bwana, vita ni vita. Mtu anaweza kugawa maharage vizuri kabisa na bado siku ya risasi akachanganyikiwa. Hofu haiangalii tabia.

Ni kweli kiasi. Petro alikuwa mtu wa karibu na Yesu kwa miaka mitatu, na usiku mmoja uani, mbele ya mtumishi wa kike, akamkana. Mazoea mema si kinga ya chanjo. Ndiyo maana Kanisa halituambii tu tujizoeze fadhila, linatupa pia kitubio. Lakini angalia nini kilimrudisha Petro. Yesu alimtazama, akakumbuka neno aliloambiwa, akalia. Mtu asiye na neno lolote la kukumbuka, atalia kwa kukumbuka nini? Siku za kawaida ndizo zinazotupa cha kukumbuka.

Na upande wa pili pia upo. Babu alituambia habari za yule mng'oa milango. Mbele ya safari, ndani ya Uganda, walimkuta mama mzee amekaa kando ya barabara, miguu imevimba. Wengine wakampita. Yule mng'oa milango akampa mwenzake bunduki amshikie, akambeba yule mama mgongoni mpaka kwenye nyumba za watu. Hakuna aliyemwamuru. Babu mwenyewe hakuweza kueleza.

Napenda alivyotuachia habari hiyo bila kuifungia somo. Inanizuia nisigeuze hoja yangu kuwa hukumu. Tabia ya kambini inasema mengi kuhusu mtu, lakini Mungu hajamaliza naye. Aliyeanza vibaya Kyaka hajafungwa minyororo kwamba lazima amalizie vibaya. Neema inaweza kumkuta barabarani.

Viatu kabla ya joho

Tuna mtakatifu wa kutusaidia hapa: Martino wa Tours, tunayemwadhimisha tarehe 11 Novemba. Wote tunaijua habari ya joho: askari kijana, langoni mwa mji wa Amiens, baridi kali, anakata joho lake kwa upanga na kumpa maskini nusu. Picha hiyo imechorwa makanisani karne na karne.

Lakini Sulpicius Severus, aliyeandika maisha yake, anataja jambo dogo lililotangulia. Martino aliingizwa jeshini akiwa na miaka kumi na mitano, hata ubatizo bado. Alikuwa na mtumishi mmoja tu, na wakabadilishana zamu: Martino ndiye aliyekuwa akimvua mtumishi viatu na kuvisafisha. Walikula pamoja, na mara nyingi Martino ndiye aliyeandaa. Posho yake alibakiza ya chakula cha siku, nyingine akawapa wahitaji.

Hapo ndipo unapoelewa joho. Ile siku ya baridi hakuwa na muda wa kufanya mkutano na dhamiri yake. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa sababu ulikuwa umeshazoea kwenye viatu. Wenzake walimcheka kwa joho la nusu, na bila shaka mkono uliozoea viatu vya mtumishi haukuogopa kuchekwa.

Muda ulipofika, Martino aliomba kuacha jeshi akamtumikie Kristo. Wengine, kama Kornelio katika Matendo 10, tunawaona wakisali na kutoa sadaka wakiwa kazini humohumo jeshini. Kanisa linawaheshimu wote wawili. Kinachowaunganisha ni kwamba hawakusubiri siku kubwa ndipo waanze kuwa wema.

Na wewe je?

Huenda hutashika bunduki maishani. Lakini kama umepita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, unaijua kambi: foleni, ndoo, zamu ya usiku, mtu anayeficha sabuni na mtu anayegawa. Kama hujapita, unaishi bweni, hosteli, geto la watu wanne, au unakaa kijiweni na bodaboda wenzako ukisubiri abiria. Hizo zote ni kambi. Humo ndimo tunamojifunza kuzamisha upawa kwa rafiki, kusema "mwenyewe harudi" juu ya chaja ya mtu, na kucheka utani unaoanza na mtu mmoja ukaishia kwa kabila zima kwenye grupu la WhatsApp.

Tunasema ni mambo madogo, na ni kweli ni madogo. Lakini siku itafika, na sisi hatuichagui, utakapokuwa na nguvu juu ya mtu asiyeweza kukimbia. Anaweza kuwa mgonjwa wodini, mteja asiyejua kusoma, mwanafunzi mbele yako, au mzee kando ya barabara. Siku hiyo utatoa ulichokwisha kuweka ndani.

Maswali ya kutafakari wiki hii, peke yako au na VIWAWA wenzako:

1. Pale unapoishi, upawa wako ni upi? Ni kitu gani unachogawa wewe ambacho hakuna anayekukagua?
2. Kuna "mlango" wa mtu unaouotea moto kwa kujiambia kwamba mwenyewe harudi?
3. Ni kundi gani la watu unalolitaja kwa jina la mtu mmoja aliyekukosea?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyeishi miaka thelathini ya kawaida Nazareti kabla ya kupanda Kalvari, utufundishe uaminifu katika siku ambazo hakuna anayetutazama. Uwapumzishe kwa amani waliolala Kaboya, na wote waliouawa pande zote mbili za mto Kagera, wenye majina na wasio na majina. Walioua bila haki uwape toba, na sisi utupe mioyo isiyojifunza kudhulumu. Mama wa Huruma, utuombee. Amina.